Korongo Tuliyemnyima Jina

Masanja aliponipigia simu kuniambia kuwa Mama Ng'wasi amefariki, nilikuwa nimebeba sufuria la maharage la mgahawani kwangu hapa Geita, sufuria ambalo likijaa linahitaji wanaume wanne na trekta, na sikuliangusha. Hilo linanishangaza mpaka leo. Mimi ni mtu wa kushtuka. Mjusi akianguka kutoka darini, wateja wangu hawamkimbii mjusi, wananikimbia mimi. Lakini siku ile nililishusha sufuria polepole kama mtu anayemlaza mtoto, nikafuta mikono kwenye kanga, nikauliza kitu ambacho hata mwenyewe sikujua kinatoka wapi. "Na ndege?"  "Shija," akasema Masanja, "mtu amekufa, wewe unauliza ndege." Kisha akanieleza. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda chake uani, asubuhi, anangoja uji upoe. Jirani alikuja kumpa shikamoo, hakuitikiwa. Walipoondoa bakuli mikononi mwake, bakuli lilikuwa bado la moto. Nimezika watu wengi katika umri huu wangu, lakini habari ya uji kuwa bado wa moto iliniingia mwilini kama maji ya barafu, na mpaka nashuka kwake Ibadakuli kesho yake ilikuwa haijatoka.

Mambo ya nilizaliwa wapi, baba alikuwa nani na kwa nini niliacha sekondari njiani nayaruka, kwa sababu nikiyaanza hatutamaliza leo, na ndugu zangu wengi wako hai na wanajua kusoma. Nianze pale nilipokuwa binti, nimetoka kupikia wachimbaji kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, ugali wa kugeuzwa kwa koleo, na nimejiapiza kwamba nitarudi shule hata kama nitakaa dawati moja na wajukuu wa mtu. Shinyanga mjini kulikuwa na masomo ya jioni. Masanja, ambaye wakati ule alikuwa dereva wa Fuso, akipeleka mchele machimboni na kurudi na dagaa wa Nkome, aliniambia anamjua mama mmoja mjane wa Ibadakuli anayetafuta msichana wa kumsaidia kazi. Angenipa chumba na chakula, na jioni angeniacha niende darasani. Nikamuuliza kazi gani. Masanja ni mtu ambaye akikusalimia unacheka kabla hujaitikia, lakini siku hiyo alijibu kwa uso mkavu kabisa kwamba mama ana mifugo mingi.

Nilifika kwa huyo Mama Ng'wasi saa za adhuhuri. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu na stoo kubwa ya zamani ya pamba, na nyuma yake zizi la ng'ombe, na nyuma ya zizi lambo la kunyweshea, na baada ya hapo majaruba ya mpunga mpaka macho yachoke. Mwenyewe alikuwa mrefu, mwembamba, amekaa kwenye kigoda hicho hicho nilichokitaja, anavuta ugoro. Nikampigia magoti, nikamwamkia, akaitikia, akaniambia nikachukue ufagio stoo. Nikasukuma mlango. Ndani kwenye kivuli kulikuwa na macho mawili ya manjano, makubwa kama sahani za chai. Kulikuwa na bundi kwenye boriti, mguu mmoja umefungwa kijiti, ananitazama kama hakimu. Chini yake, yangeyange asiye na bawa. Kwenye kona, tai, mzima mzima, mkubwa kama mbuzi, amekaa juu ya jembe la kukokotwa na ng'ombe. Nilipiga yowe ambalo nina hakika ndege ya abiria iliyokuwa uwanjani pale jirani iliahirisha kuruka. Nilipotoka nje kinyumenyume, yule mama hakuwa ameinuka. "Umewaamsha wagonjwa," alisema. "Na ufagio hukuleta."

Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kama msaidizi wa bwana mifugo, na alipostaafu ng'ombe walimpungukia lakini mikono haikutaka kupumzika. Watoto walianza kumletea ndege waliopigwa manati, kisha wakulima, kisha madereva. Akiwapata aliwafunga vijiti, aliwalisha, na wakipona aliwaachia majarubani. Mimi kilichonishtua si ndege. Kilichonishtua ni kwamba alikuwa mjane, mzee, ana macho mekundu ya moshi wa kuni, na anaishi na bundi, Shinyanga hii hii ambako bibi akiwa na macho mekundu tu inatosha watu kuanza kunong'ona kuwa ni mchawi, na minong'ono hiyo tunajua iliwafikisha wapi bibi wengine. Nilisikia kwa masikio yangu, siku ya kwanza kwenda bombani. Wanawake wawili walikuwa wanasema yule mama anatuma ndege usiku kuroga watu. Mwingine akakataa, akasema angekuwa anatuma asingewaachia mlango wazi. Hiyo ndiyo ilikuwa kinga yake, nami sikuielewa hadi nilipokaa pale mwezi mzima. Mchana mlango wa stoo haukufungwa kamwe. Mtu yeyote aliyepita aliweza kuingia, kumwona bundi, kumshika mguu akitaka, kuuliza. Aliyekuja kwa hofu alipewa kazi ya kushika kidonda wakati mama anakisafisha, na akitoka hapo ananuka dawa, hana tena cha kunong'ona isipokuwa kujisifu.

Chakula cha nyumba ile nacho ni kisa. Masanja alikuwa akileta dagaa wa Nkome, wale wakavu wazuri, wanang'aa kama sindano mpya. Jioni ya kwanza niliona mama anawachambua kwa makini, wakubwa sahani hii, waliovunjika sahani ile, nami mate yakanijaa nikijua nimeangukia nyumba ya watu wanaojua kula. Akainuka na sahani ya wakubwa, akaenda nayo stoo. Ya waliovunjika akampelekea mwewe aliyekuwa chini ya tenga. Sisi tukala ugali wa mtama na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, bila hata kitunguu. Nilidhani ni siku moja. Ilikuwa mwaka mzima. Asubuhi matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, na maziwa, jioni nsansa, na katikati harufu ya dagaa wa wenzetu wenye mabawa. Nilikonda mpaka nikaogopa upepo. Mama alikula taratibu, akitafuna kila tonge kama anayepewa hesabu yake, na ndipo hapo mezani, yaani kwenye mkeka, aliponipa sheria za nyumba. Ndege hasemeshwi. Ndege habembelezwi. Na ndege hapewi jina, hata awe amekaa nawe mpaka umezoea kumwaga maji ukimkwepa bila kumwangalia. Nilimuuliza kwa nini. "Ukimpa jina atakuja ukimwita," alisema. "Siku moja ataitwa na mwingine, na atakwenda." Nikaona ni maneno ya mtu mzima mwenye roho ngumu. Nikaendelea kula nsansa.

Korongo alikuja mvua za kwanza zilipoanza. Masanja alisimamisha Fuso nje, akaingia uani bila kutania, na hilo peke yake lilitosha kunifanya niache nilichokuwa nafanya. Mkononi alikuwa na kiroba kilichofungwa mdomo, na ndani ya kiroba kitu kilikuwa kinahema. Alikaa chini, akaomba maji, akasimulia. Huko Geita, kando ya bonde ambamo watu walikuwa wanachenjulia dhahabu, yaani kuitenga na mawe kwa dawa za sumu, alipita asubuhi akaona korongo wawili, wale wenye taji la manyoya ya dhahabu kichwani wamelala pembeni ya bwawa la maji ya dawa. Alidhani wamepumzika. Alishuka kwenye gari ili awapige picha kwa simu yake mpya. Alipokaribia hawakuruka, na alipomgusa mmoja kwa ncha ya kiatu shingo ikazunguka kama kamba. Walikuwa wamekunywa. Maji yenyewe, alisema Masanja, yalikuwa safi kuliko ya kisimani, unaona mpaka chini. Na katikati ya wale wawili wakubwa kulikuwa na kifaranga kimoja, kinasimama, kinaanguka, kinasimama. Kilikuwa hakijayafikia maji kwa sababu ya ufupi wa miguu. Masanja hakujua la kufanya, akamwaga chumvi iliyokuwemo ndani ya kiroba, akamtia mle. Alipomaliza kusimulia alitazama simu yake, akaifuta ile picha ambayo kumbe aliipiga, akasema hataki kuwa nayo. 

Mama akafungua kiroba. Kile kitu hakikuwa kizuri. Kilikuwa manyoya ya rangi ya majivu juu ya miguu miwili mirefu ya kuazima. Alikikagua mdomo, macho, mabawa, akasema ni mzima ila ameogopa. Akamwekea dagaa waliosagwa, akala kidogo. Akamwekea maji, akakataa. Akamwekea maji kwenye kibuyu, kwenye sufuria, kwenye kifuu, kwenye jani la mgomba. Akakataa. Kila maji yakisogezwa alirudi nyuma, kama kwamba ameelewa mle bondeni yaliwafanya nini wazazi wake, ingawa mama alinikatalia, alisema kifaranga hajui hayo. Siku ya pili alilegea shingo. Mama alikuwa amechuchumaa mbele yake, sahani mkononi, amechoka, na ng'ombe walikuwa ndio wanaingia lamboni kunywa. Hapo, bila kufikiri, kama mtu anayejikuna, alikunja midomo akapiga mluzi wa kunyweshea.

Msomaji wa kwetu anaujua mluzi huo, lakini kwa wengine nieleze. Ni mluzi mrefu, wa chini, unapanda kidogo mwishoni. Mchungaji humpigia ng'ombe akiwa amefikisha mdomo majini, ili anywe kwa utulivu, asiinue kichwa kila mara kuangalia nyuma. Ng'ombe wa Usukuma bila mluzi ule anakunywa kwa mashaka. Basi mama alipiga, na kile kifaranga kikasimamisha shingo, kikasogea hatua ya kwanza, ya pili, kikatia mdomo sahanini. Kikanywa. Kiliinua kichwa, maji yanashuka kooni unayaona, kikanywa tena. Mama alicheka. Mwaka mzima nilimsikia akicheka mara hiyo tu, sauti nyembamba ya msichana, na mimi nilishtuka zaidi kwa kicheko kile kuliko kwa bundi.

Kuanzia siku ile, hakunywa wala kula bila mluzi. Mama akipiga, anakuja. Masanja akipita anapiga, anakuja. Mimi nilikuwa sijui kupiga mluzi, kwa sababu kwetu msichana akipiga mluzi anaambiwa anaita nyoka, lakini mama alisema nyoka wakija atawafunga vijiti nao, akanifundisha. Nilijifunza nikienda darasani jioni kwa baiskeli, kilomita zote zile nikipuliza mate, mpaka siku moja sauti ikatoka, ndefu, ya chini, nikafurahi hadi nikaingia mtaroni na kitabu cha biolojia. Na yule korongo alinipenda mimi kuliko wote. Sisemi kwa kujisifu. Au labda kidogo. Mimi ndiye niliyekuwa nikimtoa asubuhi kwenda kutafuta panzi. Alirefuka akafika kiunoni kwangu, mashavu yakawa meupe, taji likachomoza kichwani kama miale. Hatukumpa jina. Tulishika sheria kikamilifu. Nikikaa jarubani nikapiga mluzi, alikuja akikimbia kwa hatua zake za harusi, na akifika alicheza. Korongo wale wanacheza kweli: anainama, anaruka juu, anafungua mabawa, anaokota dongo au jani kwa mdomo na kulirusha hewani, kisha anakungoja. Ukirusha dongo naye anarusha. Tulirushiana madongo hadi majirani wakaja kutazama wakiwa na viti.

Mavuno yalipokwisha, korongo wa porini walishuka majarubani kuokota mpunga uliomwagika, na mama akasema wakati umefika. Hakukuwa na sherehe. Tulimfikisha tutani, tukageuka, tukarudi nyumbani bila kuangalia nyuma. Mimi niliangalia. Alisimama peke yake kidogo, kisha akaenda kwa wenzake, wakampisha. Siku zile nilikula nsansa bila malalamiko. Mama alinywa maziwa yake akasema huyu amekwenda vizuri.

Wiki ngapi zilipita sijui, Masanja akaja na habari kwamba huko upande wa Songwa kuna manju wa ngoma, mmoja anaitwa Nkwabi, amepata korongo anayecheza. Watu wanamfuata kama mkutano wa injili.  Mama alivaa viatu, ambavyo alivivaa kwa nadra sana, na mimi nikamfuata, na Masanja akatubeba kwenye Fuso. Tulisikia ngoma kabla hatujafika. Katikati ya uwanja wa yule manju, kwenye vumbi, alikuwa korongo wetu. Mguu mmoja umefungwa kamba kwenye mti wa zizi. Na kwenye miguu yote miwili, ile miembamba kama fimbo za kuchungia, walikuwa wamemfunga njuga. Njuga, zile za chuma za wachezaji. Kila akiinua mguu zinalia, na akisikia zinalia anashtuka anaruka, na akiruka zinalia zaidi, na watu wanapiga makofi wakidhani ni mchezo. Bawa lilikuwa limekatika manyoya. Taji lilikuwa limebaki upande. Nilikosa sauti kabisa, mimi mwenye sauti ya kuahirisha ndege ya abiria.

Manju Nkwabi alikuwa mtu mnene, mchangamfu, kofia ya manyoya ya mbuni kichwani. Alisimamisha ngoma alipomwona mtu mzima, akamwamkia kwa heshima zote, akimwita mayu, yaani mama, akamletea kigoda. Mama alimwambia ndege huyo ametoka kwake. Manju hakubisha. Alisema alimwona ana alama ya kulelewa, ila hakumwiba. "Alikuja mwenyewe, mayu. Nilikuwa lamboni nanywesha ng'ombe. Nikapiga mluzi, nikaona kitu kinashuka kutoka juu. Kikatua mbele yangu, kikanisogelea miguuni." Alisema watu wake walikimbia, na yeye mwenyewe angekimbia kama si unene. Mama akasema korongo wote wako lamboni kila siku na hawamfuati mtu. Manju akasema ndiyo maana alishangaa. Korongo wa porini wamezaliwa ndani ya miluzi ya wachungaji, hata kichwa hawainui. Huyu tu ndiye aliyegeuka. Halafu akainama karibu na mama, akasema kwa sauti ya chini, bila kebehi, maneno ambayo nimeyakumbuka katika kila msiba: "Mimi nimemfunga kamba, mayu. Lambo la pili kuna mtu mwenye rungu."

Niliuona uso wa mama ukibadilika. Alikuwa anasikia, kwa mara ya kwanza, kile tulichokuwa tunakisikia mchana kutwa bila kukisikia. Kutoka pale uwanjani, upande wa magharibi, mchungaji alikuwa ananywesha. Mluzi mrefu, wa chini, unapanda mwishoni. Na korongo wetu, na njuga zake, na kamba yake, alikuwa amegeuza kichwa upande huo, anavuta. Kwenye malambo yote ya Shinyanga, kila adhuhuri, watu wasiomjua walikuwa wanamwita. Tulimnyima jina ili asije akiitwa, kisha tukampa mluzi ambao nchi nzima inao mdomoni. Mama alifunika mdomo wake kwa mkono. "Ni mimi," alisema. "Nilimpigia kama ndama."

Manju alifungua njuga mwenyewe. Alisema anamrudisha, ingawa alikuwa amekwisha kumtungia wimbo, na akatuimbia wimbo wenyewe ili tujue alichopoteza. Kisha akashauri. Huyo ndege hawezi kuishi huku akiupenda mluzi. Lazima auchukie. Mama aliafiki kwa kichwa, na njiani kurudi, tulipokaribia Ibadakuli, akaniambia kwamba mimi ndiye nitakayepiga mluzi wa mwisho, kwa kuwa mimi ndiye atakayemwamini hadi mwisho.

Tulianza manyoya yalipoota. Kwa mama na kwa Masanja ilikuwa rahisi. Walipiga mluzi, alipokuja wakapiga madebe, wakamkimbiza na ngozi ya ng'ombe, na baada ya siku chache akisikia mluzi wao, au wa mchungaji yeyote, alisimama mbali akiwatazama. Kwa wangu alikuja. Nilipiga debe, alikuja. Mama akaniambia nimrushie madongo. Nikaokota dongo la jarubani, nikampiga nalo kifuani. Alisimama. Alilitazama lile dongo pale lilipoanguka. Kisha akaliokota kwa mdomo, akalirusha juu, akainama, akafungua mabawa, akaruka. Nikarusha lingine, kwa nguvu, nikilia. Akaliokota. Alikuwa anacheza. Alidhani nimerudi kucheza naye, na alikuwa amefurahi. Nilikaa chini kwenye tope nikamwambia mama siwezi, nirudi Geita nikapikie wachimbaji, hata shule basi. Manju Nkwabi, ambaye alikuwa anakuja kila siku kuangalia na ambaye sikumtegemea kuwa na huruma, aligeuka upande mwingine akajifanya anafunga kiatu. Alikuwa peku.

Mama aliingia stoo akatoka na kiroba. Ni kile kile cha Masanja, alikuwa amekihifadhi. Yule korongo alikuwa haogopi mbwa, haogopi ngoma, lakini tangu utoto kitambaa cha kiroba kikiguswa tu alikimbilia nyuma ya stoo. Mama alimkamata mabawa, manju akafungua mdomo wa kiroba, wakamtia. Na mama akanigeukia akasema, "Piga." Ndani mle alikuwa analia sauti ambayo sikujua anayo. Nikakunja midomo. Hakuna sauti iliyotoka, kwa sababu midomo ilikuwa inatetemeka, na jaribuni wenyewe kupiga mluzi mkilia, hamtaweza. "Piga, ng'wanawane, mwanangu. Akitoka mle bila kusikia mluzi wako, tumemtesa bure." Nikafuta uso kwa kanga, nikauma midomo mpaka ikatulia, nikapiga. Mrefu, wa chini, unapanda mwishoni. Kiroba kikanyamaza. Alikuwa ananisikiliza. Halafu akaanza kulia upya, na nikaendelea kupiga, nikapiga mpaka mama akainua mkono. Tukamfungua. Tukarudia kesho yake, na kesho ya kesho yake. Siku ya mwisho nilisimama tutani peke yangu, nikapiga mara moja tu, na alikuwa mbali, mdogo kama kuku. Aliruka kabla sijamaliza pumzi. Alipita juu ya lambo, juu ya wachungaji na miluzi yao, akazidi kupanda, na wenzake waliobaki chini hata hawakumtazama. Mama alikuja akasimama nami. Alinipa ugoro. Sikuwa navuta, lakini nilivuta, nikapiga chafya nusu saa, na alisema wabeja, yaani asante, neno moja, akaenda kupika. Jioni ile tulikula dagaa. Wakubwa, wasiovunjika, na kitunguu. Nilikula nikiwa nimeshtuka, nikingoja mtu aje aniambie ni makosa.

Mtihani wangu nilifaulu, baadaye kidogo, kwa alama ambazo nikizisimulia hupanda kila mwaka. Nilirudi Geita na cheti na sauti yangu. Kwa Mama Ng'wasi nilikuwa napita, si mara nyingi kama nilivyopaswa, nikimletea dagaa, ambao aliwapokea kwa furaha na kuwapeleka stoo. Kuhusu yule korongo hatukuwahi kuzungumza. Nilijiambia amekufa, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kujiambia kuwa yuko hai na ananichukia.

Mazishini watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia, na stoo ilikuwa wazi, kama kawaida, na wanakwaya walikuwa wameweka mikoba yao chini ya mwewe mwenye bandeji bila kuogopa. Nilikuta wanawake wale wale wa bombani, wamezeeka, wanagombana nani alishika kidonda cha ndege gani. Nikamkuta pia manju Nkwabi, ambaye nilikuwa na uhakika alishakufa, amekonda, kofia imebaki na unyoya mmoja. Nilishtuka nikamwamkia mara mbili. Baada ya udongo kuwekwa, alinishika mkono, akaniambia, "Wapo majarubani. Nenda ukatembee." Sikumuuliza akina nani.

Ilikuwa saa ya kunywesha. Lamboni mchungaji mmoja alikuwa anapiga mluzi wake, na kundi kubwa la korongo lilikuwa linaokota mpunga karibu kabisa na ng'ombe, vichwa chini, mataji yanawaka juani. Hakuna aliyeinua kichwa. Nilisimama kwenye tuta lile lile, au jirani yake, na viatu vyangu vya msibani, na mwili huu ambao siku hizi unajaza tuta zima. Nilikunja midomo. Sikuwa nimepiga mluzi tangu mwaka ule, na meno mawili ya mbele si yangu. Sauti ilitoka mbovu, yenye hewa, lakini mluzi ulikuwa mrefu, wa chini, na mwishoni ukapanda.

Korongo wote waliendelea kula. Mmoja, upande wa mbali kabisa, aliinua shingo. Alisimama wima kiasi cha pumzi moja, kisha akaruka, kwa nguvu, kwa hofu, mabawa yakipiga maji ya jaruba. Nyuma yake akaruka mwingine mkubwa, na nyuma yao mdogo, bado ana rangi ya majivu, hajui wanakimbia nini, anawafuata tu.  Nilitaka kumwita asubiri, nimwambie ni mimi, nimwambie mama alikufa asubuhi na uji ulikuwa bado wa moto. Nilifungua mdomo, na nikakumbuka kwamba hatukumpa jina.